Kuku wa Treni na Mtani Aliyeniita Mwizi

Mtani wangu Kabula,

Sikuulizi hali, maana najua ulipo na nilikuona unavyopelekwa. Nimeanza na jina lako ili usije ukasema barua si yako, kwa kuwa mambo yako nayajua. Katika bahasha pia sikuitia. Naiacha wazi, mwalimu wetu wa kisomo aisome, mume wangu aisome, na wale wanawake wa hapa kijijini kwetu Ulaya, Ulaya hii ya Kilosa, wanaosema nilikwenda Mikumi kuzuia jeneza kwa ajili ya kitabu cha watoto, nao watafute wa kuwasomea. Wakimaliza waendelee kusema.

Ndiyo, nilizuia. Ningeambiwa nirudie ningerudia.

Wewe unajua mimi si mtu wa kuamini upesi. Nikipewa maji nayaangalia kwanza. Tulipokuwa watoto kule Masanze, Mama alikuwa akipeleka ndizi kila Jumapili kwenye kambi ya shamba la mkonge la Mgiriki, siku ambayo manamba hawakukata. Manamba ndio nyinyi, watu mlioletwa kutoka mbali kwa mkataba. Korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, Jumapili ilinyamaza, lakini harufu yake ya kuoza haikujua Jumapili wala Jumatatu. Nilikuwa naziba pua kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nimeshika muwa wangu.

Ndipo nilipokuona umesimama mlangoni mwa nyumba yenu, umejifunga kaniki, unanichekea. Nikajiuliza, huyu ananichekea nini? Hanijui, simjui. Mtu anayekuchekea bure ana lake. Nikajificha nyuma ya Mama. Ukaja taratibu, ukautazama muwa wangu, ukaunyakua, ukaanza kuumenya kwa meno huku unanikodolea macho. Nikapiga yowe. Mama, badala ya kukukamata, akacheka mpaka akatua kikapu.

"Hawa si Wanyamwezi? Ni watani zetu sisi Wasagara. Usilie, mwanangu. Mnyang'anye na wewe!"

Siku ile nikafundishwa utani. Kwamba mtani akichukua chako hajaiba, akikutukana hajakosa adabu, na ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Na kwamba mtani akinyakua kitu cha maana, anakaa nacho mpaka siku aje kudai ukombozi wake, kuku au chochote, ndipo akurudishie. Wewe humfuati kumbembeleza. Unasubiri aje. Nilipoambiwa hayo nikaona sheria hii lazima ilitungwa na wezi. Lakini nyumbani kwenu mama yako alikuwa akikaanga karanga, nikachota konzi nzima nikatimua mbio. Mama yako akapiga vigelegele. Basi tukawa marafiki, ingawa bado nilikuwa nakuangalia kwa jicho la pembeni.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifurahi? Tulikuwa hatuna kitu. Kamba ya katani iliyokatika tukaifunga kwenye mti, ikawa bembea. Mlingoti wa mkonge uliokauka ukawa farasi wetu, mmoja akiwa mbele na mwingine nyuma, na mimi sikutaka kukaa mbele kwa sababu nilikushuku utaniachia kwenye mteremko. Uliniachia kweli, nikachubuka magoti yote mawili. Ukanipaka mate kwenye kidonda, ukasema ni dawa ya Unyamwezi. Sikusadiki, ila nilikuacha upake.

Halafu kikaja kitabu. Mke wa karani wa shamba, yule mama wa pwani aliyekuwa akikutuma maji, alikupa kitabu ambacho watoto wake walikuwa wamekichoka. Kilikuwa na jalada la kijani lililoliwa na mende pembeni, na ndani mna picha za rangi. Kuku mwenye kilemba chekundu kakaa kwenye benchi la treni, kikapu kando yake, anatazama nje dirishani. Mimi nikakipokea, nikakigeuza, nikakinusa, nikakikung'uta nione kitadondosha nini. Tangu lini mtu akampa mtoto wa manamba kitabu bure? Ukasema, "Wewe Mwajuma, hata ukipewa pepo utauliza mlango wa kutokea uko wapi." Na mimi bado naona hilo ni swali la maana.

Tulikuwa tukisomea kwenye nyaya za kuanikia katani. Safu kwa safu, katani nyeupe imening'inia mpaka karibu na ardhi, na ukipenya katikati mnyapara hakuoni. Tulikaa chini, muwa huku, karanga huku, kitabu magotini mwako. Wewe ulikuwa umekaa darasani kidogo kwenye shule ya misheni, mimi sikuijua hata a. Ulikuwa unaweka kidole kwenye maneno, unakohoa kwanza, unaanza.

Kuku alikuwa na yai tumboni, hataki kutaga nyumbani maana kila akitaga wanalichukua. Akapanda treni kutafuta mahali ambapo yai lake litakuwa salama. Kila stesheni anashuka na kuuliza, "Hapa nikitaga, nani ataniangalizia?" Wanamjibu maneno matamu, lakini akiwatazama usoni anarudi kwenye treni. Kuku yule nilimpenda tangu siku ya kwanza. Niliona huyu ana akili.

Tatizo lilikuwa wewe.

"Ngoja kwanza, Kabula. Juma lililopita, stesheni ya Kimamba, kuku alikutana na mbuzi. Leo unasema askari. Mbuzi kaenda wapi?"

"Kashuka."

"Kashukia wapi? Nani kasema?"

"Kitabu kinasema."

"Mwongo wewe!"

"Haya, soma mwenyewe."

Hapo ulikuwa unaniweza. Nilikuwa nakodolea macho yale maneno meusi mpaka yananichezea, na hayaniambii kitu. Na mwisho wa hadithi hukunisomea hata siku moja. Tukikaribia ukurasa wa mwisho unakifunga, pa! "Mwisho Jumapili ijayo." Picha ya mwisho nayo watoto wa karani walikuwa wameimwagia wino, huoni kuku wala yai. Nilikushuku hujui kusoma maneno ya pale. Kisha nikashuku jambo jingine, kwamba unaogopa nikishaujua mwisho sitakuja tena. Nilikuwa sikuambii, lakini ningekuja hata kama kitabu kingekuwa na kurasa nyeupe tupu.

Tulikubaliana kitabu kikae kwako juma moja, kwangu juma linalofuata. Kwetu nilikificha, kwa sababu ya Bibi. Bibi alikuwa anaishuku kila karatasi isiyotoka chuoni kwa mwalimu wa Kurani. "Mambo ya misheni hayo," alisema siku alipokiona. "Wanaanza na kuku, wanamalizia na msalaba." Nikamwambia ni kuku tu, Bibi, anatafuta pa kutagia. Akasema, "Na akishataga, nani atabatiza kifaranga?" Unaona nilikotoa tabia yangu. Tangu siku hiyo kitabu kilisafiri ndani ya kikapu, chini ya ndizi, kimefunikwa majani ya mgomba, Bibi asikione.

Jumapili ile ya mwisho ilikuwa zamu ya kitabu kurudi kwako. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikiweka ndani ya kikapu kwa mkono wangu huuhuu unaoandika, nikapanga ndizi juu yake. Asubuhi nikaamka na homa, siwezi hata kusimama. Mama akaenda peke yake, akakukabidhi kikapu, akarudi na salamu zako. Jumapili iliyofuata nikaja mbio. Nyumba yenu ilikuwa tupu, jiko limezolewa majivu, mlangoni kakaa mtu nisiyemjua anachonga mpini wa jembe. Akasema mkataba wa baba yako umekwisha, amepata kazi ya barabara, mmehamia Mikumi.

Niliumia, Kabula. Nasema wazi, kila mtu asome. Nilikwenda kwenye nyaya za katani nikakaa peke yangu, nikalia mpaka kamasi zikachanganyika na machozi. Kisha nikajifuta, nikaanza kufikiri, na nikifikiri mimi huwa nashuku. Kitabu nilikiweka kwenye kikapu. Kikapu ulikipokea wewe. Basi kitabu umekinyakua kwa utani, na mwisho wa hadithi umo ndani yake. Lo! Nikapata nafuu papo hapo. Mtu hawezi kushika kitu chako kwa utani kama hataki kukuona tena. Ipo siku atakuja kudai ukombozi wake. Nikajiambia, msubiri.

Nikasubiri. Nikavunja ungo, nikaposwa, nikaolewa hapa Ulaya. Hapa na Mikumi si mbali, wauza samaki wakavu wanakwenda na baiskeli na kurudi. Wakawa wananiletea salamu zako. Na salamu zenyewe sasa! "Yule mama mpika uji wa pale Mikumi, Kabula, anauliza, hajambo yule mwizi?" Mwizi! Nikawa nachemka. Yaani aibe yeye, aniite mwizi mimi! Nikawajibu, "Mwambieni mwizi ni yeye, na meno yake yale." Wauza samaki walifurahi sana, wakawa wanatumwa kwenda na kurudi na matusi yetu, wakidhani ni utani mtupu. Na mimi kwa nje nilikuwa nacheka nao.

Hata siku ile ya harusi yangu ulikuwa umenitumia kuku kwa muuza samaki. Kuku mwekundu, kafungwa miguu kwa uzi wa katani, na ujumbe wa mdomo: "Na kitabu je?" Mtume! Wageni wamejaa, nyimbo zinapigwa, na mimi bibi harusi machale yananicheza. Nikasema huyu anacho, na bado ananikebehi mbele ya wakwe. Nikaagiza kuku achinjwe siku ileile. Nikamla kwa hasira, mpaka mifupa nikaifyonza.

Kisomo cha watu wazima kilipoanzishwa hapa, wenzangu walikwenda ili wasome barua za waume zao walio kwenye kazi za mbali. Mimi nilikwenda kwa ajili yako. Nilitaka siku ukija na kitabu nikikamate, nikisome mwenyewe kuanzia mwanzo, nikuoneshe mbele ya watu kwamba Kimamba hapakuwa na mbuzi wala askari. Kila herufi niliyoishika nilikuwa nasema, umekwisha, Kabula. Nilipita Mikumi mara nyingi juu ya lori la mpunga, nikauona moshi wa jiko lako, nikageuzia uso upande wa pili. Nikikufuata mimi, nimekubali kwamba umenishinda. Halafu wakaanza kutandika reli kutoka Kilosa kuja huko kwenu. Nikasema basi, sasa nimenyimwa njia ya kukataa. Treni ikifika Mikumi nitapanda, nitakaa dirishani na kikapu changu, nitashuka mlangoni kwako nikuulize uso kwa uso. Nilikuwa tayari nimeshachagua kanga ya kuvaa.

Reli haijafika. Kilichofika ni muuza samaki mmoja, safari hii hacheki, anasema Kabula aliamka na homa kali, hakumaliza hata juma, amefariki.

Mume wangu akanipakia kwenye baiskeli. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni, huu ni uongo wake mwingine, nikifika nitamkuta anakoroga uji. Hata nilipoona watu wamejaa uani nilikuwa bado nashuku. Nilipoliona jeneza ndipo nikasadiki.

Lakini mimi ni mtani, na mtani msibani ana kazi yake, kufanya mzaha mpaka wafiwa wacheke. Walinitazama wote, wakisubiri. Basi nikaenda nikaketi mlangoni, nikanyoosha miguu, nikaziba njia. "Haendi mtu! Huyu mwizi ana kitabu changu tangu tukiwa watoto. Hatoki humu mpaka kitolewe." Watu wakacheka kama inavyotakiwa. Mmoja akanirushia majivu. Nikaendelea, nikakutukana wewe na ukoo wako na meno yako. Mumeo akaja akachuchumaa mbele yangu. Naye alikuwa akicheka, macho mekundu. Kisha akaacha.

"Kitabu kipi, mtani? Kile cha kuku?"

"Hichohicho. Leteni."

"Si unacho wewe?"

"Mimi?"

"Marehemu hakuchoka kulisema. Kwamba mama yako alileta kikapu, yeye Kabula akapekua mpaka chini, akakuta ndizi tupu. Akasema, Mwajuma kaninyakulia kitabu, ila atakuja kudai ukombozi, hawezi kukaa. Ukachelewa, akaona heri avunje mila, akakutumia ukombozi yeye siku ya harusi yako. Kuku mwekundu. Hukumpata?"

Nikasema nilimpata.

"Na kitabu hukurudisha. Akasema labda kuku mmoja hakutosha. Tangu hapo kila mwaka hapa nyumbani pana kuku hachinjwi, wala mgeni hapewi. Kuku wa mtani." Akanyoosha kidole. Chini ya tenga alikuwamo kuku mwekundu, analala.

Ebo, Kabula! Kumbe ulikuwa umekaa huko unanisubiri mimi nije kudai, na mimi nimekaa huku nakusubiri wewe! Na tulikuwa jirani hivi, kila mmoja anamwita mwenzake mwizi kupitia kwa wauza samaki! Hapo mlangoni nikaikumbuka homa yangu ya siku ile. Bibi alibaki kuniuguza, na ugoro wake alikuwa ameufunga kwenye karatasi ngumu yenye rangi nyekundu pembeni, nyekundu ya kilemba cha kuku. Niliiona. Nikadhani ni homa inanionesha mambo. Bibi alikuwa ameshakitoa kitabu kabla Mama hajabeba kikapu, kwa kuogopa kifaranga kisibatizwe. Nilimshuku kila mtu duniani isipokuwa yule aliyenifundisha kushuku. Naye yuko huko ulipo. Mkamate, umuulize vizuri, usimwachie.

Nikaacha kukutukana. Mtani hatakiwi kulia, amekuja kuwaliwaza wengine, lakini nilikumbatia pembe ya lile jeneza nikalia kwa sauti mpaka mumeo ndiye akaanza kuniliwaza mimi. Hicho ndicho wanachonisemea wanawake wa Ulaya. Wangekuwa na mtani wangenyamaza.

Tulipotoka kukuzika, jua bado liko juu, akaja mtoto wako wa mwisho, Nyamizi, na kaka zake nyuma yake. Akapiga goti. "Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye Kanga?"

Nikadhani anaulizia nguo niliyovaa. Akacheka kwa meno yako yaleyale. Akaniambia ni kanga ndege, wa kwenye hadithi ya kuku wa treni. Nikamwambia hadithi ile naijua, haina kanga. Akaniangalia kwa huruma, akanisimulia. Kuku kapanda treni na rafiki yake kanga, ndege wa madoadoa asiyeamini kitu. Kila stesheni watu wanamwambia kuku taga hapa, tutakuangalizia, na kanga anatoa shingo dirishani anauliza, "Kweli? Nani kasema?" Wakijibu, anawaambia, na hapo watoto wako wote wakapaza sauti pamoja, "Mwongo wewe!" Treni inaondoka.

Kwa hiyo ulikuwa umeniweka kwenye treni, Kabula. Miaka yote hii nimekuwa nikisafiri na wewe na sina habari.

"Halafu?" nikauliza. "Yai akalitaga wapi?"

Nyamizi akanishangaa. "Mama alisema mwisho unao wewe. Uko kwenye kitabu. Alisema siku utakapokuja tukudai."

Wakakaa chini wote, wakanitazama. Nilitamani nikuamshe nikutandike. Unaniachia watoto wanasubiri mwisho ambao mimi mwenyewe nimeusubiri tangu kwenye nyaya za katani! Nimejifunza kusoma kwa ajili ya ukurasa ule, na ukurasa umekwisha kuwa ugoro. Kweli ndiyo hiyo, sikuwa nao. Lakini yule mdogo alikuwa kanishika upindo wa kanga yangu kwa mikono miwili.

Basi nikakohoa kwanza. Nikaweka kidole hewani, mahali ambapo maneno yangekuwa. Nikawaambia kwamba treni ilifika mwisho wa reli, stesheni ndogo ya Mikumi, hakuna mtu wa kusema maneno matamu. Kuku kachoka. Akamtazama rafiki yake kanga, akasema, nitataga kwako wewe, kwa sababu humwamini mtu. Akataga. Kanga akalikalia lile yai mchana na usiku. Akija nguchiro anaulizwa, akija askari anaulizwa, hata mbuzi wa Kimamba alikuja akaulizwa. Na yai halikuibiwa.

Hapo nikamaliza. Mimi nikafuta macho. Yule kuku wako nimekuja naye Ulaya, anataga chini ya kitanda changu, na hakuna anayethubutu kusogea. Watoto wako nimewaambia treni ikianza waje kila wapatapo nafasi, na mumeo amekubali. Nitawasomesha hapa kwetu. Vitabu naanza kuvitafuta.

Siku ile nilipomaliza hadithi, Nyamizi ndiye aliyesema wa kwanza. Aliinamisha kichwa upande, akanitazama kwa jicho la pembeni, jicho ambalo sikujua kama ni lako au langu.

"Mwongo wewe," akasema, na akajisogeza karibu zaidi.

Lala, Kabula. Sasa wizi umekwisha.

Mtani wako,
Kanga